Alama Themanini na Ziada Yake: Usanifu na Sifa za Toyota Corolla

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ilizaliwa ufuoni, mbele ya jahazi na mashua, lakini hekima yake yafaa vilevile kando ya barabara. Miongoni mwa magari yapitayo, yapo yanayogeuza shingo za watazamaji, na yapo yanayopita kimyakimya kana kwamba hayakupita. Toyota Corolla ni la kundi la pili. Ni gari dogo la familia, lenye milango minne, boneti mbele na buti nyuma. Gari la mwalimu, la karani, la mhadhiri na la teksi. Aghalabu hakuna anayesimama kulitazama.

Hata hivyo, gari hilo lisilotazamwa ndilo lililonunuliwa kuliko mengine. Mwaka 1997 jina la Corolla lililipita la Volkswagen Beetle kwa wingi wa magari yaliyouzwa, na mwaka 2021 idadi yake ilitimia milioni 50. Ni kweli kwamba Beetle ilihifadhi umbo lake la msingi kwa miongo mingi, ilhali Corolla imebadilishwa umbo mara kwa mara tangu mwaka 1966. Lakini hata tofauti hiyo yazidisha swali badala ya kulijibu: ni kitu gani kilichobaki vilevile katika gari lililobadilika hivyo, hata watu wakaendelea kuliamini?

Makala haya yanadhamiria kueleza usanifu na sifa za gari hili. Hoja yake kuu ni kwamba ukawaida wa Corolla haukutokana na uvivu wa wabunifu, ulikuwa uamuzi. Kila sifa ya gari hili ni jibu la swali lililoulizwa na mazingira ya Japani: sheria zake, barabara zake, kodi zake na mfuko wa raia wake. Kwa hiyo, mtumiaji aliye nje ya mazingira hayo, na hasa wa Kenya, hana budi kuyaelewa maswali hayo ili ajue gari lake limepewa nini na limenyimwa nini.

Mwasisi na Falsafa Yake

Mhandisi aliyeongoza ubunifu wa Corolla ya kwanza aliitwa Tatsuo Hasegawa. Taaluma yake ya awali haikuwa ya magari bali ya ndege. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa mbunifu katika kampuni ya ndege ya Tachikawa. Japani iliposhindwa vita mwaka 1945 ilikatazwa kuunda ndege, na wataalamu wengi wa fani hiyo wakalazimika kutafuta riziki kwingine. Hasegawa alijiunga na Toyota. Alikuja na mazoea ya mtu wa ndege, ambaye kila gramu ya uzito kwake ni deni linalopaswa kulipwa mahali fulani.

Kabla ya Corolla, Hasegawa aliunda gari lililoitwa Publica, lililoanza kuuzwa mwaka 1961. Lilikusudiwa kuwa gari la umma kama jina lake linavyodokeza. Injini yake ilikuwa na silinda mbili tu, ilipozwa kwa hewa, na ujazo wake ulikaribia sentimita za ujazo 700. Bei yake ya yeni 389,000 ilikuwa nafuu. Lakini ili bei hiyo ipatikane, gari lilivuliwa karibu kila pambo. Halikuwa na redio wala kipasha joto katika nchi yenye baridi kali ya kipupwe. Mauzo yalikuwa haba kuliko matarajio. Toleo lililoongezewa mapambo lilipotolewa mwaka 1963, wanunuzi wakaanza kujitokeza.

Funzo la Publica lilikuwa zito. Mtu wa kawaida anayejinyima miaka kadhaa ili anunue gari lake la kwanza hataki gari litakalotangaza umaskini wake kwa majirani. Anataka bei aimudu, lakini vilevile anataka heshima. Unafuu usio na staha ni tusi, na mnunuzi hulitambua hata kama hana maneno ya kulieleza.

Kutokana na funzo hilo, Hasegawa alijenga falsafa aliyoiita ya alama 80 na ziada. Maana yake hueleweka kwa urahisi na yeyote aliyewahi kuketi katika chumba cha mtihani. Gari huhukumiwa katika masomo mengi: mwendo, utulivu, uimara, nafasi, sura, unywaji wa mafuta na bei. Mbunifu anayetafuta alama 100 katika somo moja hulazimika kuyaibia masomo mengine. Mwendo mkali hula mafuta, na nafasi kubwa huongeza uzito. Hasegawa alishikilia kwamba gari la familia lisishuke chini ya alama 80 katika somo lolote, kwa kuwa somo moja la kufeli latosha kumsononesha mwenye gari kila siku. Hata hivyo, alitambua kwamba gari lenye 80 kila mahali lingekuwa zuri bila ya kupendwa. Ndiposa akaongeza ziada: baadhi ya masomo lazima yapande juu ya 80 ili mnunuzi apate jambo la kujivunia.

Corolla ilizinduliwa mwezi wa Novemba mwaka 1966, kwa bei ya yeni 432,000 kwa toleo la chini. Jina lake ni la Kilatini, lenye maana ya taji dogo, na pia hutumiwa kutajia petali za ua kwa pamoja. Toyota tayari ilikuwa na Crown na Corona, ambayo nayo ni majina ya taji. Kwa hiyo hata katika jina, gari dogo liliingizwa katika ukoo wa wakubwa. Mtu wa kawaida alipewa taji, japo dogo.

Umbo na Vipimo

Gari la aina hii, ambalo wengi huliita saluni, huwa na visanduku vitatu: cha injini mbele, cha abiria katikati na cha mizigo nyuma. Mpangilio huu una mantiki yake. Mizigo hutengwa na abiria, hivyo gunia la viazi au samaki wa sokoni hawatii harufu mahali wanapoketi watoto. Na mwenye kuchungulia dirishani haoni kilichofichwa butini.

Corolla ya mwaka 1966 ilikuwa na urefu wa milimita 3845, upana wa milimita 1485 na uzito wa takriban kilo 710. Mwanzoni ilikuwa na milango miwili, na ya milango minne ikafuata mwaka 1967. Corolla ya kizazi cha tisa, iliyozinduliwa Japani mwaka 2000, ilikuwa na urefu wa milimita 4365 na upana wa milimita 1695. Kwa muda wa miaka 34, basi, gari lilirefuka kwa zaidi ya nusu mita na kupanuka kwa sentimita 21.

Msomaji makini atajiuliza: kwa nini milimita 1695 wala si 1700 kamili? Jibu limo katika sheria. Japani hugawa magari katika makundi, na nambari iliyo kwenye bamba la usajili huonyesha kundi hilo. Gari dogo la kawaida, ambalo kundi lake huanza kwa tarakimu 5, halifai kuzidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7, kimo cha mita 2 na injini ya sentimita za ujazo 2000. Likizidi hata kipimo kimoja, laingia kundi la juu, na kwa miaka mingi kundi hilo lilitozwa kodi nzito zaidi. Wabunifu wa Corolla waliikaribia mipaka hiyo wakaacha milimita 5 tu. Fauka ya hayo, tangu mwaka 1962 sheria ya Japani imemtaka mnunuzi aonyeshe kwamba ana mahali pa kuliegesha gari lake, na katika mitaa yenye vichochoro vyembamba upana si suala la sura tu.

Kikwazo hiki ndicho kilichozaa ubunifu. Wabunifu walipozuiwa kupanua, walitafuta nafasi kwingine. Katika kizazi cha tisa waliongeza umbali baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kutoka milimita 2465 hadi 2600, kisha wakainua paa kutoka milimita 1385 hadi 1470. Abiria aliketi wima zaidi, na mtu anayeketi wima huhitaji nafasi ndogo ya miguu kuliko anayejilaza. Mzee na mja mzito hawakuhitaji kuinama sana ili waingie. Ikumbukwe pia kwamba mipaka hiyo haikudumu kwa saluni zote zenye jina hili: Corolla iliyozinduliwa Japani mwaka 2019 ilikuwa na upana wa milimita 1745, nayo ikaingia kundi la juu.

Injini na Mitambo

Injini ya Corolla ya kwanza ina kisa chake. Ilipangwa kuwa ya sentimita za ujazo 1000. Lakini kampuni ya Nissan nayo ilikuwa ikiandaa gari la kundi hilohilo, Sunny, ambalo lilitangulia sokoni mwezi wa Aprili 1966 likiwa na injini ya 1000. Toyota iliongeza injini yake hadi 1077 na kuinadi Corolla kwa ziada ya 100. Tofauti hiyo ndogo iligeuzwa kuwa fahari ya mnunuzi.

Muhimu kuliko ujazo ni jinsi injini ilivyotengenezwa. Kranki, yaani mtaimbo uliopindwapindwa unaogeuza mruko wa pistoni kuwa mzunguko, ulishikiliwa na beringi tano badala ya tatu. Kwa nini? Barabara kuu ya mwendo kasi ya Meishin, ya kwanza ya aina hiyo nchini Japani, ilifunguliwa kwa awamu kati ya mwaka 1963 na 1965. Kwa mara ya kwanza raia wa kawaida angeweza kuendesha kwa kasi ileile kwa saa nzima, na kranki iliyoshikiliwa mahali pengi hutetemeka kidogo na kudumu zaidi. Isitoshe, injini ililazwa upande kwa nyuzi 20 ili boneti ishuke na dereva aone mbele vizuri. Wenzo wa gia nao uliwekwa sakafuni, wakati ambapo magari mengi ya Kijapani yaliuweka kwenye shina la usukani na wengi waliuhusisha wenzo wa sakafuni na malori. Hasegawa aliutaka kwa kuwa hubadilisha gia kwa wepesi na uhakika. Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya ziada.

Mageuzi makubwa zaidi ya mitambo yalitokea mwaka 1983, katika kizazi cha tano. Hadi hapo injini ilikuwa mbele na magurudumu yaliyosukuma gari yalikuwa nyuma. Nguvu ilisafirishwa kwa mtaimbo mrefu uliopita chini ya sakafu, na ndio uliosababisha tuta lile linalomsumbua abiria wa katikati. Katika saluni ya mwaka 1983, injini iliwekwa kimkingamo na nguvu ikapelekwa kwa magurudumu ya mbele moja kwa moja. Mtaimbo mrefu ukaondolewa, sakafu ikatandazika, uzito ukapungua na chumba cha abiria kikapanuka bila ya gari kurefushwa sana. Gharama yake ni kwamba magurudumu ya mbele sasa yana kazi mbili, kuvuta na kuelekeza, kwa hiyo viungo vya mihimili yake huchakaa haraka mipira inayovifunika ikipasuka na vumbi kuingia. Mlio wa kta-kta-kta usikikao gari linapokata kona ni lalamiko la viungo hivyo.

Katika kizazi cha tisa, injini iliyoenea zaidi ni ile yenye sentimita za ujazo 1496. Hapa pia kodi ndiyo iliyochora mstari, maana kodi ya gari nchini Japani hupanda injini inapozidi 1500. Injini hiyo hutoa takriban nguvu za farasi 110. Ina vali nne kwa kila silinda, na wakati wa kufunguka kwa vali za kuingizia hewa hubadilishwa na kompyuta kulingana na mwendo. Mfano wake ni mwimbaji ajuaye lini avute pumzi: wimbo wa polepole na wa kasi haviimbwi kwa pumzi moja.

Jambo lingine linalopaswa kuelezwa ni kiungo kinachooanisha kranki na vali. Katika injini iliyotumiwa sana katika Corolla za miaka ya 1990, kiungo hicho kilikuwa mkanda wa mpira, ambao lazima ubadilishwe baada ya umbali maalumu. Katika injini ya 1496 kiungo ni mnyororo wa chuma ulio ndani ya injini, unaolainishwa na oili. Mnyororo hudumu sana, lakini kwa sharti moja: oili ibadilishwe kwa wakati. Mwenye gari anayeambiwa kwamba mnyororo hauhitaji kubadilishwa, kisha akaipuuza oili, ameisikia nusu ya maelezo.

Magurudumu ya mbele hubebwa na nguzo zinazounganisha springi na shokabzoba kuwa kitu kimoja. Kwa upande wa nyuma, kizazi cha tisa kiliacha nguzo zilizojitegemea na kutumia boriti moja inayojinyonga kidogo gurudumu moja linapopanda. Mpangilio huo ni rahisi, haugharimu sana na huacha nafasi kubwa butini. Alama zake za utulivu si 100, lakini si chini ya 80.

Ziada Inapopunguzwa

Falsafa ya Hasegawa ilijaribiwa vikali katika miaka ya 1990. Kizazi cha saba kilizinduliwa mwaka 1991, baada ya kubuniwa wakati uchumi wa Japani ulikuwa umefura. Fedha hazikuwa haba, na hilo laonekana ndani ya gari: plastiki laini, viti vilivyofunikwa kwa kitambaa kizito, milango inayofungika kwa mlio wa kushiba. Lilikuwa gari dogo lililojaribu kuiga kubwa.

Uchumi uliporomoka. Kizazi cha nane kilipotoka mwaka 1995, agizo lilikuwa kupunguza uzito na gharama. Uzito ulipungua kweli, na gari likanywa mafuta kidogo zaidi. Lakini wanunuzi waliona pia kwamba ndani ya gari mlikuwa mmepungua. Vitu walivyovizoea ama vilikonda ama havikuwapo, na malalamiko yakamfikia mtengenezaji. Ni kisa cha mgema aliyesifiwa akalitia tembo maji, ingawa mgema huyu alisukumwa na ukata. Mwaka 1997 gari lilifanyiwa marekebisho, na kizazi cha tisa kilipobuniwa kilianza upya kwa kuuliza maana ya gari la familia katika karne mpya.

Kisa hiki kinathibitisha hoja ya Hasegawa kwa njia ya kinyume. Hakuna aliyesema gari la mwaka 1995 halikwendi, halikudumu au lilinywa mafuta mengi. Masomo ya lazima yalipitwa. Kilichopunguzwa ni ziada, na ziada hiyo ndiyo iliyokuwa imebeba heshima.

Msimbo Usomekao kama Neno

Wapenzi wa lugha watavutiwa na msimbo wa gari hili. Nchini Kenya, Corolla ya kizazi cha tisa hujulikana sana kwa herufi tatu: NZE. Wengi huzitamka bila ya kujua zimetoka wapi, sawa na mzungumzaji anayetumia viambishi vya ngeli bila ya kuwahi kuvichanganua.

Msimbo kamili ni NZE121. Tukiuchanganua kama mwanaisimu anavyochanganua kitenzi, NZ ni familia ya injini. E ni shina lenyewe, alama ya ukoo wa Corolla, na ndiyo isiyobadilika. 12 ni kizazi, na tarakimu ya mwisho hutofautisha matoleo ndani ya kizazi hicho. Kwa kanuni hiyo, AE110 ni Corolla ya kizazi cha nane yenye injini ya familia ya A, na ZZE122 ni ya kizazi cha tisa yenye injini ya familia ya ZZ, ya sentimita za ujazo 1794. Injini nazo zina mofolojia yake. Katika 1NZ-FE, 1 ni nambari ya injini ndani ya familia ya NZ, na E ya mwisho hudokeza kwamba mafuta huingizwa kwa nguvu za umeme badala ya kabureta.

Ujuzi huu si mchezo wa wasomi. Mwenye gari anayekwenda kununua spea bila ya kuujua msimbo hurudi na kifaa kisichoingia. Tena, msimbo huo, pamoja na nambari ya fremu inayoufuata, ndio kitambulisho cha gari, na umuhimu wake utadhihirika katika sehemu ifuatayo.

Maisha ya Pili

Corolla nyingi zilizo Kenya zina maisha mawili. La kwanza waliishi Wajapani. Gari jipya la familia nchini Japani hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huwafanya wengi waliuze gari lingali zima. Kenya huendesha upande wa kushoto kama Japani, hivyo usukani tayari upo mahali pake. Na kanuni za Kenya huruhusu gari lililotumika lisilozidi umri wa miaka 8. Kwa makutano hayo ya sheria za nchi mbili, gari lililobuniwa kwa vichochoro vya Nagoya hushushwa katika bandari ya Mombasa na kuelekea Kitale.

Baadhi ya alama zake huhama nalo bila ya kupungua. Uimara wa injini, wepesi wa kutengenezwa na unywaji mdogo wa mafuta ni fadhila kila mahali. Alama nyingine hushuka. Tumbo la gari, lililopimwa kwa lami laini, hugonga matuta na mawe. Redio iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako masafa ya FM yalianzia megahezi 76 na kuishia 90, huzinasa stesheni chache tu za Kenya, maana nyingi ziko juu ya hapo. Na katika baadhi ya magari, kila injini inapowashwa sauti ya kike hunena kwa Kijapani cha adabu. Watoto huiiga na wazazi hucheka. Aghalabu sauti hiyo husema tu kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa.

Lakini gari hilohilo husema mambo mengine kwa Kijapani, na hayo si ya kuchekesha. Kwenye kinga-jua iliyo juu ya kiti cha mbele hubandikwa onyo kuhusu mfuko wa hewa, ule unaofura kwa kufumba na kufumbua gari linapogonga ili kumkinga abiria. Onyo hilo lakataza kuweka mbele kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma, kwa sababu mfuko ukifura hukipiga kiti hicho kwa nguvu inayoweza kuua. Mzazi asiyesoma Kijapani huliona onyo hilo kila siku, na halimwambii neno.

Zito zaidi ni suala la mifuko yenyewe. Kuanzia mwaka 2013, Toyota iliwaita wenye Corolla nyingi zilizotengenezwa katika miaka ya 2000 wazirudishe ili mifuko yao ya hewa ibadilishwe. Mifuko hiyo ilikuwa na vifurishi vilivyotengenezwa na kampuni ya Takata. Kemikali iliyomo ndani ya vifurishi hivyo huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu. Mfuko unapohitajika, kifurishi chaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa mtu aliyekusudiwa kuokolewa. Watu kadhaa walikufa hivyo katika nchi mbalimbali. Wito wa aina hii humfikia kwa urahisi mmiliki aliyesajiliwa katika nchi lilikouzwa gari. Gari lililokwisha kuvuka bahari hubaki na kasoro yake, na ni nadra mmiliki wa tatu au wa nne kuletewa barua. Mwambao wenye joto na unyevu ndio mahali ambapo kemikali hiyo haifai kukaa.

Njia ya kujua ipo, nayo ni nambari ya fremu. Mwenye gari akiisoma na kuipeleka kwa mwakilishi wa kampuni, au akiiingiza katika ukurasa wa kampuni wa ukaguzi, huweza kuelezwa kama gari lake limo katika orodha. Msimbo ulioonekana kama mchezo wa mofolojia, basi, wageuka kuwa suala la uhai.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Corolla ni zao la mizani. Upana wake ulichorwa na sheria ya makundi, injini yake na ngazi za kodi, beringi zake na barabara mpya ya mwendo kasi, na mapambo yake na funzo la gari lililotangulia, ambalo lilikuwa nafuu bila ya kuwa na staha. Falsafa ya alama 80 na ziada ndiyo iliyoyafunga majibu hayo kuwa kitu kimoja, na ndiyo iliyobaki vilevile umbo lilipobadilika kizazi baada ya kizazi.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kuna la ziada. Maneno ya kulieleza gari hili hayakukosekana. Makanika wa Gikomba na Kisauni wameyatumia miaka mingi: kranki, beringi, vali, boneti, shokabzoba. Kilichopungua ni kuyaandika maelezo yenyewe na kuyafikisha yanakohitajika, kuanzia karakana hadi kwenye kinga-jua. Onyo la mfuko wa hewa likiandikwa kwa Kiswahili halizidi mistari miwili. Mashua iliyoundwa na wengine yaweza kuelea salama mikononi mwa yeyote, almuradi aliyeingia ndani yake ameambiwa, kwa lugha anayoielewa, palipo na tundu.